Negativi zimetoka na ukungu wa maziwa baada ya fiksa: je, zimeharibika, na nizisuuzeje kwa maji ya mgao?

Kivuli_Migosi (Kisumu) anauliza:

Salamu kwenu nyote mnaosafisha mikanda nyumbani. Ninaishi Migosi, hapa Kisumu, na ninasafisha mikanda ya nyeusi na nyeupe ya milimita 35 jikoni, katika kopo la Paterson lisilopitisha mwanga, baada ya kuipakia usiku kwenye riili, yaani kigurudumu kinachoushika mkanda ndani ya kopo. Kwa muda mrefu nimetumia Ilford FP4 Plus na sijapata shida yoyote. Wiki hii nilisafisha mkanda mmoja wa FP4 Plus na mmoja wa Ilford Delta 400 kwa kufuatanisha, kwa fiksa ileile (dawa inayoifanya picha isibadilike tena kwa mwanga) na kwa muda uleule wa dakika 5. Wa kwanza ulitoka safi, ukingo wake unapitisha mwanga kama kioo. Wa pili ulitoka na ukungu mweupe wa maziwa, hasa katikati ya mkanda, pamoja na rangi ya waridi inayokaribia zambarau. Picha zenyewe zinaonekana, lakini ukizishika dirishani, sehemu ambazo zingepaswa kuwa angavu zimeziba.

Fiksa ninaichanganya mwenyewe kutokana na fuwele za sodiamu thaiosalfeti ninazonunua katika duka la kemikali za maabara. Ninatia gramu 200 katika lita 1 ya maji, basi, bila kuongeza kitu kingine. Kabla ya fiksa ninasimamisha kazi ya divelopa, yaani dawa inayoitokeza picha, kwa siki ya jikoni iliyotiwa maji. Divelopa ninaipooza kwa barafu hadi nyuzi 20, ila siki, fiksa na maji ya kusuuzia ninayaacha yalivyo, na mchana hapa kwetu maji ya mtungi hufika nyuzi 27 bila taabu.

Maswali yangu ni haya. Je, mkanda huo wa Delta umekwisha kuharibika au unaweza kuokolewa? Je, kosa ni la dawa, la muda au la joto? Na kwa kuwa maji ya bomba huja kwa mgao na ninayahifadhi katika mitungi ya lita 20, nitasuuzaje negativi ipasavyo bila kufungulia mfereji kwa nusu saa kama maelekezo ya zamani yanavyotaka?

Mwalimu_wa_Maabara (Kakamega):

Ndugu, usiutupe mkanda huo. Ukungu unaouona ni chumvi za fedha ambazo hazikupigwa na mwanga wala kuguswa na divelopa, na ambazo fiksa haikumaliza kuziyeyusha. Kwa kuwa kazi ya divelopa imekwisha, unaweza kuurudisha mkanda kwenye fiksa mpya hata mchana kweupe, ukiutazama kwa macho yako, na ukungu utaondoka. Fanya hivyo mapema, kwa maana chumvi zikiachwa ndani ya utando wa gelatini unaobeba picha zitaendelea kugeuka rangi kwa mwanga na kwa hewa.

Sababu ni mbili zilizokutana. Delta ni mkanda wa chembe bapa, yaani chembe zake za chumvi ya fedha ni tambarare kama visahani, sawa na Kodak T-Max, na mikanda ya aina hiyo huhitaji muda mrefu zaidi katika fiksa kuliko FP4 Plus, na huichosha fiksa haraka zaidi, kwa sababu ya iodidi iliyomo. Tena ulitanguliza FP4 Plus katika dawa hiyohiyo. Sodiamu thaiosalfeti tupu huenda polepole ukilinganisha na fiksa za haraka za dukani, ambazo hutumia amoniamu thaiosalfeti. Kwa hiyo dakika 5 zilizoutosha mkanda wa kwanza hazikuutosha wa pili. Ile rangi ya waridi ni rangi iliyotiwa kiwandani. Hupungua mkanda ukikaa vya kutosha katika fiksa na kusuuzwa vizuri, na ikibaki kidogo haidhuru.

Usiamini namba ya dakika uliyopewa na mtu mwingine, mimi nikiwemo, bali pima dawa yako mwenyewe. Chukua kile kipande cha mwanzo cha mkanda unachokata kabla ya kuupakia kwenye riili. Mahali penye mwanga, dondoshea tone moja la fiksa juu yake, subiri nusu dakika, kisha kitumbukize chote ndani ya bilauri ya fiksa na uanze kuhesabu muda. Mwanzoni utaona duara la lile tone likiwa angavu kuliko sehemu iliyolizunguka. Pale ambapo jicho haliwezi tena kulitofautisha duara na pembeni yake, huo ndio muda wa kung'aa. Mkanda wa kawaida uuache katika fiksa mara 2 ya muda huo, na wa chembe bapa mara 3. Jaribio lifanyike kwa mkanda wa aina ileile utakayoisafisha, na urekodi muda wa dawa ikiwa mpya. Siku muda wa kung'aa utakapofika mara 2 ya ule wa mwanzo, dawa hiyo imekwisha kazi.

Huenda ukauliza kwa nini mara 2, ilhali mkanda umekwisha kung'aa. Thaiosalfeti huishika fedha kwa hatua. Miungano ya mwanzo haiyeyuki vizuri majini, nayo hubaki ndani ya gelatini bila kuonekana; ni mpaka thaiosalfeti iwe nyingi ndipo inapogeuka kuwa miungano inayoyeyuka na kutoka kwa kusuuzwa. Kwa hiyo fiksa iliyochoka inaweza kukupa negativi inayong'aa leo, kisha ikapata madoa ya hudhurungi baada ya miaka, na hakuna kiasi cha maji kitakachosaidia. Msuuzo hauwezi kurekebisha kazi ambayo fiksa haikuifanya.

Kuhusu fuwele zako, soma lebo. Zenye maji ndani yake, yaani pentahaidreti, zinataka gramu 250 kwa lita 1. Zile kavu zisizo na maji zinatosha gramu 160 kwa nguvu ileile. Gramu 200 za pentahaidreti si kosa kubwa, ila zinakuacha na akiba ndogo. Anza na maji ya vuguvugu kama mililita 700, kwa kuwa fuwele hizi hunyonya joto zinapoyeyuka na chombo hupoa mkononi mwako, kisha ujazie hadi lita 1. Ongeza gramu 15 za sodiamu salfaiti, uiyeyushe kwanza kabla ya fuwele. Bila salfaiti dawa haikai, na hapo ndipo siki yako inapoingia.

Kila aliyefanya kemia ya kidato cha nne anakumbuka lile jaribio la kuchora msalaba kwenye karatasi, kuweka biki juu yake na kuchanganya sodiamu thaiosalfeti na asidi hadi msalaba upotee machoni. Kinachouficha msalaba ni salfa. Siki unayoibeba ndani ya kopo na riili hufanya vivyo hivyo katika fiksa yako tupu, polepole tu, na ile salfa laini inaweza kuganda juu ya utando. Ukipenda kutumia siki, suuza mara 1 kwa maji kabla ya kutia fiksa. Mimi ningeiacha kabisa na kutumia maji matupu, nikiyabadilisha mara 2 au 3.

Jambo la pembeni kwa wanaopenda historia: John Herschel aliandika mwaka 1819 kwamba chumvi hii huyeyusha chumvi za fedha, miaka 20 kabla ya upigaji picha kutangazwa hadharani. Dawa ilikuwa inaisubiri kazi yake.

Chumba_cha_Giza (Nakuru):

Mwanangu, mwalimu amekujibu vizuri kuhusu dawa, nami niseme juu ya joto na maji, kwa kuwa nimefanya kazi ya studio hapa Nakuru tangu enzi ambazo picha za kitambulisho zilikuwa za nyeusi na nyeupe na mteja alizifuata kesho yake.

Kuhusu siki sikubaliani naye kikamilifu. Divelopa ikiwa ya joto, picha huendelea kuiva ndani ya maji matupu, na siki iliyotiwa maji mara 3 au 4 huikata papo hapo. Endelea nayo, lakini usuuze kabla ya fiksa kama alivyosema, na usiimimine kwa nguvu zake za chupa.

Joto ni jambo unalolitazama upande mmoja tu. Unaihangaikia divelopa hadi nyuzi 20, kisha unauhamisha mkanda kwenye dawa ya nyuzi 27. Gelatini huvimba ikiwa ndani ya maji, na mruko wa ghafla wa joto unaweza kuikunja ikapata mtandao wa mikunjo midogo isiyotoka tena. Mikanda ya siku hizi ni migumu kuliko tuliyoijua sisi, lakini hakuna haja ya kuijaribu. Badala ya kupigana na hali ya hewa ya Kisumu, panga kila kitu kiwe nyuzi 24: divelopa, siki, fiksa na maji ya kusuuzia. Muda wa divelopa uupunguze kufuatana na jedwali la mtengenezaji. Ukifanya hivyo barafu utakayohitaji ni kidogo, na unaweza kuiacha ikiyeyuka katika beseni ambalo chupa zote zimesimamishwa ndani yake, badala ya kuitia ndani ya dawa.

Maji ya kusuuzia yaweke katika mtungi wa udongo usiopakwa rangi, mahali penye upepo, tangu usiku wa kuamkia siku ya kazi. Yatapoa nyuzi kadhaa bila gharama. Sisi huku Nakuru tuna shida ya kinyume: tuko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai maji huwa ya baridi kiasi kwamba fiksa inalegea na msuuzo unachelewa, basi tunayapasha kidogo.

Usishawishiwe kutia shabu katika fiksa ili kukaza utando. Zamani tuliitia kwa sababu ya joto, na ilifaa, lakini utando uliokazwa kwa shabu huishikilia fiksa na kutaka msuuzo mrefu zaidi. Kwa mtu anayehesabu maji kwa mitungi, hiyo ni hasara.

Sasa msuuzo wenyewe. Mfereji uliofunguliwa juu ya kopo unapoteza maji zaidi kuliko unavyosafisha, kwa kuwa maji yenye fiksa ni mazito na hukaa chini, huku yale masafi yakifurika juu na kwenda zake. Ilford wana utaratibu wao ambao umetufaa wengi, mradi fiksa iwe isiyokaza utando. Jaza kopo kwa maji ya joto lilelile, lipindue mara 5, umwage. Jaza tena, pindua mara 10, umwage. Jaza mara ya tatu, pindua mara 20, umwage. Kopo la mkanda mmoja huchukua kama mililita 300, kwa hiyo yote hayo hayafiki lita 1. Mimi huongeza majazo 2 na kuliacha kopo litulie dakika 5 katika kila jazo, kwa maana fiksa haitoki kwa kusukwa peke yake. Inahitaji muda wa kupenya kutoka ndani ya utando hadi majini. Hata ukiongeza hayo, bado ni chini ya lita 2.

Kivuli_Migosi (Kisumu):

Nawashukuru sana, mwalimu na mzee wangu. Nimechanganya fiksa mpya kwa kipimo cha gramu 250 na salfaiti, na kweli chombo kilipoa hadi umande ukatokea nje yake. Delta iling'aa kwa takriban dakika 4 katika jaribio la kipande, nikaurudisha mkanda kwa dakika 12. Ukungu umekwisha kabisa, na ile rangi ya waridi imebaki kidogo sana ukingoni.

Limebaki swali la msuuzo. Nimefuata utaratibu wa kupindua pamoja na majazo 2 ya nyongeza, lakini nitajuaje kwamba fiksa imetoka? Maji yakionekana safi si ushahidi, kwa sababu fiksa yenyewe haina rangi.

Mwalimu_wa_Maabara (Kakamega):

Swali zuri, na jibu lake linapatikana katika duka la dawa. Nunua pamanganeti ya potasiamu, zile punje za zambarau ambazo watu huoshea vidonda. Chembe chache sana katika maji yaliyotoneshwa (yaliyochemshwa na mvuke wake ukakusanywa) hutoa mmumunyo wa waridi hafifu. Ukiwa mzito jaribio halitaonyesha kitu. Gawa mmumunyo huo sawasawa katika bilauri 2 nyeupe zilizowekwa juu ya karatasi nyeupe. Toa riili majini, iache imwage maji yaliyo juu juu, halafu matone yanayofuata yaingize katika bilauri ya kwanza. Katika ya pili dondoshea idadi ileile ya matone ya maji yako ya mtungi ambayo hayajagusa mkanda. Thaiosalfeti huifuta rangi ya pamanganeti, kwa hiyo bilauri ya kwanza ikibadilika kuelekea rangi ya chungwa au ikafifia mapema kuliko ya pili, endelea kusuuza.

Ile bilauri ya pili usiiache kwa kudhani ni kazi bure. Maji yaliyohifadhiwa, na hasa yale ya msimu wa mvua, huwa na uchafu wa mimea ambao nao hufuta rangi hiyo, na bila ya kulinganisha utasuuza hadi mtungi ukauke ukidhani fiksa haijatoka.

Ukitaka kuharakisha, ile sodiamu salfaiti uliyokwisha kununua ina kazi ya pili. Gramu 20 katika lita 1 ya maji, mkanda ukae humo dakika 2 baada ya jazo la kwanza la msuuzo, kisha uendelee na majazo yaliyobaki. Chumvi husaidia kuisukuma thaiosalfeti itoke kwenye gelatini. Mchanganyiko huo utumie siku hiyo na uumwage.

Upepo_wa_Dunga (Kisumu):

Naongeza mambo ya hapa kwetu ambayo wenzetu wa Kakamega na Nakuru hawayaoni.

La kwanza ni maji ya mwisho. Mvua zikinyesha, maji ya mtungi huwa na vumbi laini ambalo huganda kwenye utando mkanda unapokauka, na ukichapisha picha unaliona kama nukta nyeupe angani. Yachuje kwa pamba iliyowekwa katika mdomo wa faneli, na ule msuuzo wa mwisho kabisa ufanye kwa maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri yanayouzwa katika vituo vya petroli. Soma lebo kwa makini, kwa sababu asidi ya betri huuzwa rafu hiyohiyo na katika chupa zinazofanana. Tia humo Photo-Flo, dawa inayoyafanya maji yateleze bila kuacha matone kwenye mkanda, sehemu 1 kwa 200, isizidi, maana ikizidi inaacha michirizi.

La pili ni vijidudu vya ziwani. Jioni ambazo makundi yao yanapanda kutoka ziwani na kufuata taa, usitundike mkanda mbichi chumbani mwenye taa na dirisha wazi. Kijidudu kimoja kikigusa gelatini iliyovimba kinaacha mabawa yake humo, na ukijaribu kukitoa kwa kucha unaondoka na uso wa mtu aliye katika picha. Mimi hutundika bafuni, dirisha likiwa limefungwa na taa imezimwa, baada ya kufungulia maji ya moto kidogo ili mvuke uangushe vumbi. Kibanio cha nguo kimoja juu na viwili chini vinatosha kuuzuia mkanda usijikunje.

La tatu, fiksa iliyotumika usiimwage mtaroni. Ina fedha, na mitaro yetu mingi mwisho wake ni Ghuba ya Winam. Iweke katika ndoo ya plastiki yenye mfuniko pamoja na ule uzi laini wa chuma wa kusugulia sufuria, yaani ule unaoshika kutu. Ule wa chuma kisichoshika kutu haufai. Chuma huyeyuka na fedha hujitenga, ikishuka chini kama tope jeusi. Acha ndoo mahali penye hewa kwa siku kadhaa, kisha chuja tope ulihifadhi. Fedha yenyewe ni kidogo na haitakutajirisha, ila duka la sonara huenda likaipokea ukishakusanya ya kutosha.

Kivuli_Migosi (Kisumu):

Jaribio la pamanganeti nimelifanya, na bilauri zote 2 zimebaki sawa. Asanteni. Sasa ninatazama kwa wasiwasi negativi zangu nyingine za chembe bapa, zilizokwisha kukaushwa na kukatwa vipande vya picha 6, ambazo zilipita katika fiksa ile ya zamani. Hazina ukungu, lakini baada ya maelezo ya mwalimu siziamini tena. Je, inawezekana kuzirudia?

Chumba_cha_Giza (Nakuru):

Inawezekana, na ni afadhali ufanye sasa kabla hazijaanza kubadilika. Usiziingize kavu katika fiksa. Zilaze kwanza katika maji matupu ya nyuzi 24 kwa dakika 5, utando ukiwa juu, ili gelatini ivimbe sawasawa na isipate mipaka ya maji. Tumia sinia pana la plastiki na ushughulikie vipande vichache kwa wakati mmoja, visigusane, kwa maana utando uliolowa hukwaruzwa hata na kona ya kipande jirani. Kisha fiksa mpya, kwa muda uleule ulioupima, ukilitikisa sinia polepole. Usivisahau humo ukaenda sokoni: fiksa ikikaa na mkanda kwa muda mrefu mno, hasa zile za haraka zenye asidi, huanza kula hata fedha ya picha yenyewe, na hufifisha kwanza sehemu laini za vivuli. Suuza kwa kubadilisha maji ya sinia mara 6 au 7, dakika 5 kila mara, ukipitisha kwenye salfaiti baada ya maji ya kwanza.

Vikiwapo vipande ambavyo tayari vina madoa ya manjano au hudhurungi, fiksa haitayaondoa madoa hayo. Hivyo vitenge, uvichapishe au uvipige picha upya kwa kamera ya dijitali kabla hujavilowesha, ili uwe na nakala hata kama utando utakataa kuvumilia maji mara ya pili.